Baiskeli ya Bei Mbaya, Miguu ya Kawaida

Kila kikundi cha waendesha baiskeli wa Jumapili kina mtu wake wa kusemwa. Fremu yake ni ya kaboni, gia zake zinabadilika kwa umeme, viatu vyake vyeupe havijui tope. Kikifika kilima cha kwanza anabaki nyuma akihema, na mzee mwenye baiskeli ya mtumba anampita akipiga soga na jirani yake. Kwenye chai, kabla hajafika, ameshasemwa: baiskeli ya bingwa, miguu ya karani. Na lazima atatokea mmoja wa kukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima.

Mimi sina ugomvi na methali, ila hii hutolewa haraka mno. Hela ni yake. Dukani hakuna mtihani wa kupanda mlima kabla ya kulipa, wala hakuna anayemuuliza mama mwenye sufuria nzuri kama pilau lake limeiva kiasi cha kuistahili. Isitoshe, wengi wa hao wanaosemwa ni watu wa miaka 45 kwenda juu ambao daktari aliwaambia wapunguze uzito, na baiskeli nzuri ndiyo iliyowatoa kitandani alfajiri. Ikiwa rangi ya fremu inamwamsha mtu saa kumi na moja, hiyo fremu imeshafanya kazi ambayo hotuba nyingi zimeshindwa.

Kinachonisumbua ni kingine. Suala la nani anastahili nini limetukalia akilini hadi tumeacha kuuliza kipi kinamfaa nani. Ukiliuliza hilo kwa kalamu na karatasi, utakuta kwamba baadhi ya vitu vya bei humsaidia mwendeshaji dhaifu kuliko vinavyomsaidia bingwa, na vingine, mara nyingi vile vya bei ya juu kabisa, humuumiza.

Tuanze na uzito, maana ndio unaouzwa kwa maneno mengi. Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, huko Tanzania, ile inayopanda Usambara kupitia Soni. Ni kilomita 33 hivi, na ukifika juu umepanda karibu mita 1,000. Mweke hapo mtu wa kilo 80 mwenye baiskeli ya kilo 10, ambaye miguu yake inaweza kutoa wati 150 muda wote bila kukata pumzi. Huyo ni mimi na wewe, mtu wa mazoezi ya mara mbili tatu kwa wiki. Atatumia kama saa mbili na dakika kumi. Mweke na mwenzake wa uzito uleule, baiskeli ileile, lakini mshindani wa kweli anayetoa wati 300. Huyu atakuwa Lushoto baada ya saa moja na dakika ishirini hivi, ameshaagiza soda.

Sasa wape wote wawili baiskeli iliyopungua kilo mbili. Kupunguza kilo mbili si mchezo. Kwenye madirisha ya maduka, tofauti hiyo hugharimu kuliko pikipiki. Hesabu ya kawaida ya fizikia inasema mshindani ataokoa chini ya dakika moja, na yule wa kawaida ataokoa dakika mbili na kidogo. Dhaifu ndiye aliyefaidi zaidi, kwa sababu rahisi: anakaa mlimani muda mrefu, kwa hiyo anaubeba ule mzigo kwa muda mrefu. Anayesema baiskeli nyepesi ni ya wenye kasi tu ameigeuza hesabu kichwa chini miguu juu.

Lakini usikimbilie dukani bado. Rudisha zile kilo mbili na ubadilishe kitu kimoja tu: toa matairi mazito yenye meno ya porini, yale yaliyokuja na baiskeli, uvike matairi laini ya lami yaliyoshonwa vizuri na kujazwa upepo wa kadiri. Yule wa wati 150 ataokoa kama dakika saba kwenye barabara ileile. Ni mara tatu ya faida ya kilo mbili, kwa bei ambayo haifiki hata ya sehemu ndogo ya fremu mpya. Na uzito wenyewe, kabla ya kuununua kwa dola, tazama chupa mbili za maji za mililita 750 ulizozijaza hadi shingoni. Hizo ni kilo moja na nusu. Kwenye mlima wenye maduka kila baada ya kilomita chache, chupa moja inatosha. Kitambi sitakitaja, kila mtu anajua chake.

Ndiyo maana nacheka kidogo ninapoona watu wakigombana juu ya gramu. Seti ya gia za Shimano Dura-Ace, ya juu kabisa, na seti ya 105 ya gia za umeme kutoka kiwanda hichohicho zinapishana gramu 550 hivi. Zote zina gia 12 nyuma, zote hubadilisha kwa kubonyeza kitufe, na ukifungwa macho utapata shida kuzitofautisha. Tofauti ya bei huitambui kwa kidole. Unaitambua kwenye taarifa ya benki. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, kimeweka tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Kwa hiyo hata mabingwa wa dunia wana sakafu ambayo hawawezi kushuka chini yake, na baiskeli zao hawazinunui, wanapewa wazitangaze. Wewe unayelipa mfukoni unaweza kuwaachia wao mashindano ya gramu.

Sasa tuje kwenye vinavyoumiza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapotupa hela.

Baiskeli ya mashindano ya daraja la juu imetengenezwa kwa ajili ya mwili wa aina fulani: mtu wa miaka 25, mwenye nyonga zinazokunjika na mgongo uliozoea kuinama saa tano. Usukani uko chini na mbali. Mtu wa ofisini anayekaa kitini siku nzima akipanda baiskeli hiyo, kwa nusu saa ya kwanza anajiona yuko televisheni. Baada ya hapo shingo inakaza, viganja vinakufa ganzi, na kufikia kilomita ya 50 amekaa wima ameshika usukani juu kabisa, mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia akae, kifua kimepokea upepo wote. Amenunua fremu iliyochongwa kukata upepo na sasa yeye mwenyewe ndiye ukuta. Viwanda vinalijua hili vizuri. Specialized wana Tarmac ya kukimbiza na Roubaix ya safari ndefu. Trek wana Madone na Domane. Giant wana TCR na Defy. Hizi za pili zina usukani wa juu zaidi na nafasi ya matairi mapana, na zipo za kaboni za bei kubwa vilevile. Mtu mwenye hela na mgongo wa kawaida anunue ya pili, na asikubali muuzaji kumwambia kwamba hiyo ni ya wazee. Kama ni ya wazee, basi wazee wanafika.

Jambo la pili ni gia. Muulize muuzaji sproketi ya mbele iliyo ndogo ina meno mangapi na ile kubwa ya nyuma ina mangapi. Kwenye baiskeli za washindani utakuta 40 mbele na 30 nyuma. Ugawe: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na theluthi. Kwenye mwinuko wa asilimia nane, ukitaka kuzungusha miguu mara 70 kwa dakika, kasi inayostarehesha magoti, gia hiyo itakudai wati 250 hivi. Huna. Kwa hiyo miguu itapungua hadi mara 45, utasukuma pedali kwa uzito wa mwili, na kesho yake utapanda ngazi za ofisini kwa kushika reli. Seti ya bei nafuu zaidi yenye 34 mbele na 34 nyuma inadai wati 185 hivi kwa mwendo uleule wa miguu. Bado ni nyingi kwa mtu wa wati 150, lakini hapo unaweza kusimama kidogo, kukaa kidogo, ukafika. Ukipata 36 nyuma, chukua. Hakuna anayehesabu meno yako isipokuwa yule anayeshuka akisukuma baiskeli kwa mkono.

Na jambo la tatu ni rimu ndefu za kaboni, za milimita 60 na kwenda juu. Ni kweli zinakata upepo. Ni kweli pia kwamba upepo wa mbavuni huzishika kama tanga. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupokea upepo mwingi kutoka mbele. Anayekwenda 22 hupokea upepo uleule kutoka pembeni zaidi, na akiwa na mwili mwepesi huyumbishwa kwa urahisi. Nenda Barabara ya Mombasa, Kenya, baada ya Athi River, mahali ambapo hakuna mti wala ukuta, na lori lenye kontena likupite. Kwanza hewa inakusukuma nje ya lami, halafu inakuvuta kuelekea lorini. Mshindani aliyezoea hulegeza viwiko na kuacha baiskeli icheze chini yake. Mgeni hukaza mikono, na kukaza ndiko kunakoangusha. Rimu za milimita 30 hadi 40 zinatosha kabisa kwa mtu wa Jumapili, na hela iliyobaki iende kwenye matairi. Katika matairi pia usidanganyike kwamba jembamba ndilo la kasi. Mabingwa wenyewe waliacha yale ya milimita 23 zamani na sasa wanatumia 28 au 30, tena kwa upepo mdogo kuliko zamani, kwa sababu tairi linalorukaruka juu ya lami mbovu linapoteza nguvu. Kwa lami zetu, 32 si aibu.

Hata bingwa husumbuliwa na kifaa kilichokaa vibaya. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Tarehe 28, katika mbio kuu za wanaume, Tadej Pogačar alishinda na Remco Evenepoel akawa wa pili. Evenepoel alikuwa na kila kitu ambacho hela inaweza kununua, na wiki moja nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa kwenye milima hiyohiyo. Lakini alipiga shimo, tandiko likahama, akabadilisha baiskeli. Ile ya pili nayo tandiko lilikuwa limekaa vibaya, ikabidi asimame tena angoje nyingine, huku ananung'unika mbele ya kamera za dunia nzima. Wakati huo Pogačar alikuwa ameshaondoka. Siwezi kusema angeshinda. Nasema tu kwamba kipande kidogo cha plastiki na ngozi kilichoelekea chini kidogo kilimsumbua bingwa kuliko mlima.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, anza na baiskeli uliyonayo. Egemea ukuta, kaa kwenye tandiko, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake pa kawaida, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio mkunjo unaotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi tandiko liko chini mno. Likiuma nyuma, liko juu mno. Mwombe mtu akutazame kwa nyuma ukiendesha: nyonga zikicheza kushoto na kulia, shusha. Kisha azima pima maji ya fundi mwashi, uilaze juu ya tandiko. Iwe sawa au ielekee chini kidogo sana. Kazi yote hii haizidi robo saa na haina gharama. Ukiweza kumpata mtaalamu wa kupima mkao, malipo yake ndiyo ningeyalipa kabla ya kulipia gia za umeme.

Kitu kingine ambacho ningekinunua cha bei bila kuona haya, hata kwa mtu aliyeanza juzi, ni kaptula yenye padi nzuri. Mwanzo ndio mgumu kwa ngozi. Bingwa ana makalio yaliyozoea, wewe hujazoea. Na tafadhali, kaptula hiyo haivaliwi juu ya chupi. Mshono wa chupi ndio unaochuna, na watu wengi wamelaumu tandiko la kiwanda fulani kumbe kosa lilikuwa kabatini mwao. Usidhani hili ni jambo la wanaoanza tu. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa mbele kwa sekunde 50, na alikuwa na kidonda cha tandiko kilichomnyima usingizi. Siku hiyo ilikuwa mbio dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Mpinzani wake, Greg LeMond, alivaa helmeti ndefu ya kukata upepo na kufunga usukani wa nyongeza uliomruhusu kulaza mikono mbele. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia. LeMond alimzidi kwa sekunde 58, akachukua Tour kwa sekunde 8.

Wauza vifaa wanaipenda sana hadithi hiyo, na wana haki. Lakini tazama kilichofanya kazi: ule usukani wa nyongeza haukuwa wa bei, na ulileta faida kwa sababu ulibadilisha umbo la mtu. Kwenye barabara tambarare, ukishapita kilomita 25 kwa saa, adui wako mkuu ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si baiskeli. Miaka minne baadaye, Julai 1993, Mskoti Graeme Obree alikwenda Hamar, Norway, na baiskeli aliyoiunda mwenyewe. Ndani yake aliweka bearingi zilizotoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Alikuwa amebuni mkao wa kukunja mikono chini ya kifua, na kwa saa moja aliendesha kilomita 51.596, rekodi ya dunia. Siku sita baadaye Chris Boardman, aliyekuwa na vifaa vya hali ya juu, aliipita kwa kufikisha kilomita 52.270 mjini Bordeaux. Basi vifaa vinahesabika, siwezi kukataa. Ila vilihesabika baina ya watu wawili ambao miguu yao na mikao yao ilishafika mwisho. Sisi wengine tunaweza kupata faida kubwa kuliko ya gurudumu la kaboni kwa kuvaa shati linalobana badala ya lile linalopepea, kufunga zipu, na kukunja viwiko.

Kuna kipimo kingine ambacho makala za Ulaya hazikigusi kwa sababu kwao si tatizo. Nacho ni fundi.

Uko Barabara ya Magadi, Kenya. Umeshapita Kiserian, umeshapita Kona Baridi, umeteremka kuelekea Olorgesailie, jua linawaka, na kibadilisha gia cha nyuma kimegongwa na jiwe. Ukiwa na gia nane au tisa za kebo, fundi yeyote wa sokoni mwenye bisibisi na subira atakurudisha nyumbani. Cheni ya aina hiyo inapatikana hata kwenye duka la vipuri linalouza pia mafuta ya taa. Ukiwa na gia 12 za umeme, betri ikiisha au waya ukikatika, fundi huyo atakutazama kwa huruma, na utapanda tena mita zile zote kwa gia moja, au kwenye matatu na baiskeli juu ya keria. Hali ni hiyohiyo kwa matairi yasiyo na tyubu: ni mazuri mno kwa miiba yetu, lakini ule ute wa ndani hukauka haraka kwenye joto, na anayesahau kuuongeza kila baada ya miezi michache anabeba mzigo bure. Breki za diski za mafuta zinasimamisha vizuri kuliko za kebo, hilo halina ubishi, nami ningezipendekeza kwa mtu yeyote anayeshuka milima mirefu. Ila uwe umeshamjua mtu anayeweza kuzitoa hewa kabla hujazinunua.

Kwa hiyo ninapoulizwa na mtu aliye Mbeya au Kisumu anunue nini, namrudishia swali: vipuri vyake utavitoa wapi? Kama jibu ni kwa shemeji anayekuja Desemba kutoka Dubai, basi ushuke daraja moja. Baiskeli inayolala stoo miezi mitatu ikisubiri kipande cha cheni haina kasi yoyote.

Kaboni ya mtumba nayo inataka uangalifu wake. Chuma kikigongwa hupinda na unaona. Alumini hubonyea. Kaboni inaweza kupasuka ndani, rangi ikabaki nzuri, kisha ikavunjika siku moja kwenye mteremko bila kutoa taarifa. Ukinunua fremu iliyotumika, iangalie mchana, chini ya jua, hasa pale bomba la chini linapokutana na pedali na mahali uma wa mbele unapoingia kwenye fremu. Gonga kwa sarafu ukisikiliza kama mlio unafifia mahali fulani. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimewaokoa wengi. Usifunge boliti za vipande vya kaboni kwa nguvu za mkono. Tafuta spana yenye kipimo, na ufuate namba iliyoandikwa kwenye kipande chenyewe, mara nyingi ni nyutoni-mita 5 hivi. Na uma au usukani wa kaboni wenye jina kubwa unaouzwa kwa robo ya bei yake, uache hapo ulipo.

Kwenye helmeti nitasema machache. Bei kubwa hununua wepesi, matundu ya hewa na rangi. Ulinzi haufuati bei kwa mstari ulionyooka. Maabara ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, huzipima na kuzipa nyota, na helmeti za bei ya kawaida zimepata nyota tano. Angalia alama ya kiwango ndani, EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani, hakikisha inakaa bila kucheza, na ikishapata ajali itupwe hata kama haionekani kuwa na ufa. Ukipewa ya mtumba, ukumbuke hujui ilishaanguka mara ngapi.

Hadi hapa nimezungumza na mwenye hela na miguu ya kawaida. Yuko wa upande wa pili, na kusema kweli ndiye anayenishughulisha zaidi: kijana mwenye miguu, asiye na hela.

Kwake yeye vifaa si mapambo. Katika mbio za msafara, anayejificha nyuma ya wenzake huokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu. Kijana akikosa gia inayofaa kwenye kona moja ya kupanda, akaachwa kwa mita kumi tu, ametoka kwenye kivuli hicho, na mbio zake zimekwisha hata kama miguu yake ni bora kuliko ya aliyeshinda. Mwenye Jumapili zake anaweza kuendesha baiskeli mbovu na hasara yake ikawa dakika saba na kucheleweshwa chai. Kijana huyu hasara yake ni kutoonekana. Hapo ndipo uwezo na vifaa vinapaswa kukutana kweli, na kwa kawaida havikutani, kwa sababu rimu nzuri ziko kwenye baraza za watu wanaokwenda kilomita 22 kwa saa.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, aliingizwa kwenye mchezo huu na David Kinjah huko Kikuyu, kwenye kambi ya Safari Simbaz, ambako vijana hujifunza kuitengeneza baiskeli pamoja na kuiendesha. Kambi na vilabu vya aina hiyo viko Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na vingi vinaishi kwa vipuri vya kupewa. Kijana asiye na uwezo wa kununua afanye mambo mawili. Ajiunge na klabu yenye karakana, hata kama iko mbali kuliko ile yenye jezi nzuri. Na kila shilingi anayoipata aiweke kwanza kwenye matairi na cheni, halafu kwenye magurudumu. Fremu iwe ya mwisho. Fremu ya alumini ya kipimo chake sahihi, iliyovikwa magurudumu mazuri, itampeleka kwenye mbio za taifa bila wasiwasi.

Na wewe mwenye kubadilisha vifaa kila mwaka, unapouza magurudumu ya zamani, waulize kwanza vilabu kabla ya kuyatangaza kwenye simu. Bei iwe ya kusaidiana, malipo kwa awamu kama hapana budi. Mwambie anayenunua ukweli wote: yalishaanguka au hayajaanguka, bearingi zilibadilishwa lini, zipi kati ya spoki zilishawahi kukatika. Mpe na vipande vidogo vilivyobaki kwenye droo, pedi za breki za aina ile ile, ufunguo wa nipeli, vali za akiba, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyovikosa mwezi wa kwanza.